Mombasa kwa miguu: siku moja ya kutembea ukifuata kivuli

Wageni wengi wanaokuja Mombasa kwa siku moja huiharibu asubuhi. Wanaamka taratibu, wanakaa kwenye chai ya hoteli mpaka saa nne, halafu saa sita, jua la utosi, unawakuta katikati ya uwanja wa Fort Jesus. Kofia hawana, maji yamekwisha, na picha zote zimeungua kwa mwanga. Jioni wanasema Mombasa ni joto tupu. Joto lipo, hakuna anayelikana, lakini mji huu una saa zake. Alfajiri ni ya bahari ya mashariki, asubuhi ni ya ngome, jua likipanda unaingia vichochoroni ambako nyumba zimeegemeana na kuziba mwanga, mchana unalala, na alasiri inapovunja jua unatoka tena.

Mwongozo huu ni wa kisiwani peke yake. Nyali, Bamburi na Diani ni habari za siku nyingine, tena za gari.

Kabla ya kutoka

Miezi ya Juni hadi Septemba, kusi ikivuma, ndiyo mizuri zaidi kwa miguu. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jua huwa kali na hewa nzito, kwa hiyo ratiba hii uifuate bila kuchelewa hata kidogo. Aprili na Mei ni masika. Mvua ya Mombasa haina taarifa: inashuka, inajaza vichochoro maji, na baada ya muda si mrefu jua linawaka tena. Ukikutwa, jibanze barazani kwa mtu, toa salamu, ngoja iishe. Hakuna atakayekufukuza.

Angalia pia siku. Ijumaa, kuanzia karibu saa sita, maduka mengi ya Mji wa Kale na ya Biashara Street hufungwa kwa swala, na kando ya misikiti watu hujaa mpaka njiani. Ukija Ramadhani, panga siku kinyumenyume: mchana migahawa mingi imefungwa, lakini baada ya futari mji unaamka na vyakula vinatandazwa mabarazani. Kwa maoni yangu usiku wa Ramadhani ndio wakati mtamu kuliko wote wa kuiona Mombasa, mradi usile hadharani mchana.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, mwanamume na mwanamke. Mji wa Kale watu wanaishi humo, wanafua, wanasomesha watoto, wanazika. Mwanamke akiwa na leso moja (kanga, kwa wengine) begani ametatua mambo mengi, maana leso ni mtandio, ni kivuli na ni kitambaa cha kukalia. Viatu viwe vya soli isiyoteleza. Makubadhi ni mazuri kwa kwenda barazani kunywa kahawa, ila ngazi za mawe zilizolowa chumvi zitakuangusha nayo.

Pesa: jaza M-Pesa, na uwe na noti ndogondogo kwa ajili ya kahawa, madafu na mihogo. Anayetoka Tanzania au Uganda abadilishe fedha benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, asikubali yule mtu wa kando ya barabara mwenye bei nzuri ajabu. Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa umepigwa marufuku Kenya tangu 2017, basi beba kikapu au mfuko wa kitambaa. Chupa ya maji, kofia, na kitambaa cha jasho usiulize.

Neno moja la picha. Nyumba, milango na bahari piga utakavyo. Watu waombe kwanza, na akikataa mtu, hasa mama wa buibui au mzee barazani, shukuru upite. Feri ya Likoni, bandari ya Kilindini, askari na vituo vyao usivielekezee kamera kabisa.

Hatua ya kwanza: Bandari ya Kale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Shukia mbele ya Fort Jesus. Dereva yeyote wa tuktuk anapajua. Usiingie ngomeni bado, maana hata lango halijafunguliwa. Ipe ngome mgongo, ingia Barabara ya Mbarak Hinawy, na utembee taratibu. Saa hizi jua linachomoza upande wa bahari na kuingia katikati ya nyumba kwa ubavu, na roshani za mbao za ghorofani zinaonekana kila mchongo. Baada ya saa tatu mwanga huo haupo tena.

Njiani utaukuta Msikiti wa Mandhry, wa 1570, kwa hiyo ulikuwa umesimama kabla Wareno hawajaanza kujenga ngome yao. Mnara wake ni mweupe, mnene chini na mwembamba juu, hauna nakshi wala mikogo. Kisima chake kiko ng'ambo ya njia. Si mahali pa kuzurura ndani. Kama wewe ni Mwislamu ingia uswali, kama si Mwislamu utazame kwa nje. Kwa nje ndipo uzuri wake ulipo hasa.

Endelea mpaka Government Square, uwanja ulio juu ya Bandari ya Kale. Hapa ndipo jahazi za Ghuba na Bara Hindi zilipokuwa zikitia nanga kwa karne nyingi. Zilikuja na kaskazi zikiwa na tende, mazulia na chumvi, zikarudi na kusi zikiwa na boriti za mikoko na pembe. Meli kubwa zilipohamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, bandari hii ikabaki na vyombo vidogo. Siku nyingine utakuta jahazi mbili tatu zinapakia, siku nyingine hakuna kitu ila mitumbwi ya wavuvi. Usikate tamaa, geukia soko la samaki hapo karibu, ambako asubuhi kuna changu, tafi na nguru waliotoka majini muda si mrefu, na kelele za kutosha.

Kurudi, shika Ndia Kuu badala ya njia uliyojia. Karibu na mwanzo wake upande huu kuna Jumba la Leven, linalochukua jina la meli ya kivita ya Kiingereza. Kapteni Owen, aliyekuwa na meli hiyo, alitia nanga Mombasa mwaka 1824, akakubali ombi la Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, la kupata ulinzi wa Waingereza dhidi ya Sultani wa Omani. Serikali yake London ilikataa mpango wenyewe, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Chini ya jumba kuna ngazi za mawe zinazoteremka mpaka majini. Teremka maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, ngazi za chini zinaliwa na bahari na zina ukungu wa kuteleza.

Hatua ya pili: mahamri na mbaazi

Saa moja na nusu inafaa uwe umekaa. Staftahi ya Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi, na hapa sina mjadala na mtu. Hamri zuri limevimba, ndani tupu, lina harufu ya iliki kabla hujalitia mdomoni, na ukilipasua halikuachii mafuta vidoleni. Mbaazi ziwe na tui zito la juu, si supu ya njano inayoelea. Chukua na chai ya maziwa yenye tangawizi, au sturungi kama huna haja ya maziwa.

Pa kula? Usitafute mgahawa wenye mabango ya rangi. Fuata watu. Palipo na mabenchi mawili, karai linachemka nje, na wafanyakazi wanaokula wakiwa wima ili wawahi kazini, hapo chakula kinaisha upesi na hakuna kilicholala. Uliza bei kabla hujakaa, kwa upole, nayo itakuwa ndogo. Salamu ya asubuhi, "Sabalkheri", itakufungulia mlango haraka kuliko kuita kwa kidole.

Hatua ya tatu: Fort Jesus, saa mbili kamili

Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na wewe uwe wa mwanzo. Sababu ni moja. Ngome imechongwa na kujengwa juu ya mwamba wa matumbawe, kuta ni nene, uwanja uko wazi, na kufikia saa tano mahali pote pamekuwa tanuri. Kiingilio cha raia wa Kenya na wa Afrika Mashariki ni tofauti na cha wageni wa mbali, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti iwe mfukoni.

Langoni utakutana na waelekezi. Wapo wazuri sana, watu waliozaliwa hapo nyuma, na wapo wanaosoma yale yale yaliyoandikwa ubaoni. Dai kitambulisho, kisha mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza: ni ya kundi zima au kila kichwa? Ni ngome peke yake au na Mji wa Kale? Mengi ya magomvi hapo langoni huanzia kwenye swali hilo la pili.

Yafuatayo ni ya kutosha kama umeamua kutembea peke yako. Wareno waliijenga ngome kati ya 1593 na 1596, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili, aliyekuwa akitawala Hispania na Ureno kwa pamoja, na ramani ilichorwa na msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama ramani kwa juu, ina kiwiliwili, mikono na miguu ya mtu aliyelala chali. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Anza kwa kupanda kuta upande wa bahari ungali na nguvu. Simama kwenye pembe ya ngome iliyochomoza, utazame mlango wa bahari, na utaelewa mara moja kwa nini kila aliyetaka biashara ya pwani hii alilitaka jiwe hili: hakuna chombo kinachoingia Bandari ya Kale bila kupita chini ya mizinga. Kisha shuka ndani.

Watu wengi hupita makumbusho mbio. Mimi ningekuomba ukae hapo kuliko kwingine. Kuna vitu vilivyotolewa chini ya maji kutoka kwenye meli Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ilikuja kuwaokoa Wareno waliokuwa wamezingirwa na Waomani. Mzingiro ule ulianza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na tauni, na walioangamizwa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Waomani walipoingia mwishoni, waliokuwa bado hai ndani walikuwa wachache mno. Vyombo vya kawaida vya mabaharia, vile vya kulia na kunywea, ndivyo vinavyosema habari hiyo kwa sauti zaidi ya mizinga iliyopangwa uwanjani.

Tafuta pia ukuta wenye michoro ya Wareno wenyewe. Ni michoro ya watu waliochoka kukaa: meli, samaki, askari, misalaba, vimechorwa bila ustadi mkubwa. Halafu nyumba ya Waomani, yenye dari ya boriti na mpangilio wa chumba unaoweza kuufananisha na nyumba utakazoziona nje baadaye.

Kisa kimoja ambacho waelekezi wavivu hukiruka ni cha Yusuf bin Hassan. Alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa, akapelekwa Goa angali mdogo, akalelewa na watawa wa Kikatoliki na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Wareno walimrudisha atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 aliwageuka, akarudi kwenye Uislamu, akamuua kapteni wa ngome na kuishika ngome yenyewe. Mwaka uliofuata aliihama, Wareno wakarudi. Mombasa ilishawahi kuasi mara nyingi, lakini hakuna uasi uliowauma Wareno kama ule wa mtu waliyemlea wenyewe.

Baadaye Waingereza waliifanya ngome kuwa jela, kutoka 1895 hadi 1958. Bado wapo wazee mjini wanaotaja Ngomeni na kumaanisha kifungo.

Kabla ya kutoka, tumia choo cha hapo. Nasema kwa nia njema: vichochoroni hakuna.

Hatua ya nne: Kibokoni na vichochoro, saa nne hadi saa sita

Sasa jua limepanda na wewe unaingia kivulini. Hakuna njia maalumu ya kufuata hapa, na simu yako itachanganyikiwa, kwani kuta ndefu huziba mawimbi na ramani hukupeleka kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Tumia kanuni ya wenyeji: ukiteremka utafika baharini, ukiipa bahari mgongo ukapanda utatokea Barabara ya Digo. Katikati ya mistari hiyo miwili potea upendavyo.

Cha kutazama kwanza ni milango. Simama mbele ya mmoja uliochongwa, usogee mpaka uone alama za patasi. Ubao wa katikati unaosimama wima baina ya mbawa mbili unaitwa mfaa, na hapo ndipo fundi alipomwaga ujuzi wake. Utaona minyororo iliyochongwa kuzunguka fremu, maua, mawimbi, na juu ya kizingiti pengine Aya au mwaka wa Kiislamu. Misumari mikubwa ya shaba ni ladha iliyotoka Bara Hindi. Ukipapasa mbao utasikia tofauti: mlango wa zamani umelainika pale mikono ilipoushika kila siku, karibu na komeo, na kwingine bado una makali. Milango mipya iliyoigizwa kwa ajili ya hoteli haina alama hizo.

Pili, tazama juu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale unazoziona leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa 20, wakati familia za Kihindi, Kiarabu na Kiswahili zilipojenga bega kwa bega. Ndiyo maana kwenye ukuta mmoja unakuta roshani ya mbao ya Gujarat, dirisha la Kiarabu na baraza la Kiswahili. Baadhi zinaanguka. Zipo zilizobaki kuta tupu, mti umeota chumbani. Sipendi kuona wageni wakizisifu kwamba zinapendeza hivyo hivyo zilivyobomoka. Ni nyumba za watu zilizokosa fedha ya chokaa na mbao, au warithi wengi wasioafikiana.

Tatu, sikiliza. Madrasa zinasomwa, mtu anasaga nazi, redio inatoa taarabu dirishani. Pikipiki zinapita vichochoroni kwa kasi isiyo na adabu, basi tembea upande mmoja, na watoto wako uwashike mkono.

Ukiona mzee amekaa na dele lake la kahawa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vikiwa kwenye ndoo ya maji, kaa. Kahawa ni chungu, nyeusi, ina tangawizi, na inanyweka na kashata ya njugu au ya nazi, au tende. Kikombe kimoja hakitoshi na vitatu ni vingi. Hapo barazani ndipo utakapoulizwa umetoka wapi na kwenu ni kwa nani. Jibu vizuri, nawe uulize. Maelekezo ya njia utakayopewa hapo ni bora kuliko ya simu.

Hatua ya tano: chakula na kulala, saa sita na nusu hadi saa tisa

Kula pilau na kachumbari, au biriani, au wali wa nazi na samaki wa kupaka, ukishushia maji ya ukwaju. Biriani hupikwa zaidi Ijumaa na Jumapili na huisha mapema, usije saa nane ukalalamika.

Baada ya hapo usifanye kitu. Maduka mengi yenyewe hufungwa mchana. Rudi ulipofikia ulale, au ukae mgahawani chini ya feni. Anayetembea Mombasa saa nane mchana ana dharura au hajui.

Hatua ya sita: Biashara Street na Marikiti, kuanzia saa tisa na nusu

Biashara Street ni ya leso, pande zote mbili, duka kwa duka, kuta zimejaa rangi mpaka darini. Hata kama huna nia ya kununua utanunua, kwa hiyo afadhali ujue namna.

Anza kwa kusoma. Leso ina pindo, yaani ukingo wa pande zote nne. Ina mji, picha ya katikati. Na ina jina, maandishi yaliyo chini ya mji. Wengi huchagua kwa rangi, kisha wanafika nyumbani na kugundua wamemnunulia mama mkwe leso ya kumsuta mke mwenza. Soma jina. Usipolielewa, muulize muuzaji, nao hupenda kueleza. Halafu kunjua yote: pindo liwe sawa pande zote, chapa isiwe imehama, jina lisiwe limekatwa. Shika kitambaa baina ya vidole. Leso mpya ina wanga na ni ngumu kidogo, lakini ukiitazama kwenye mwanga nyuzi ziwe zimeshikana. Nyepesi sana itapauka kwa kufuliwa mara chache.

Leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana. Usiondoke nazo hivyo hivyo. Mafundi wa cherehani wako hapo hapo mabarazani, watazikata na kuzipinda ncha ukisubiri, kwa malipo madogo. Bei za leso madukani hazina mchezo mwingi, labda ukinunua nyingi. Kikoi na vinyago vya karibu na ngome, huko ndiko kunakopatanwa, na bei ya kwanza usiichukulie kwa uzito.

Kutoka hapo nenda sokoni Marikiti, kwenye Barabara ya Langoni. Mbele ni matunda na mboga. Nyuma na pembeni ni viungo. Mambo matatu yatakuokoa. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta. Iliyokauka mno imeshakamuliwa au imezeeka. Iliki ichukue ya kijani iliyofunga, uipasue moja utazame kama punje ni nyeusi na zinanata. Na bizari nunua nzima, ukasage mwenyewe, kwa maana ya unga hujui imechanganywa na nini. Zafarani ya bei rahisi si zafarani. Hapo Marikiti mkoba uwe mbele yako, simu usiitoe toe. Wabebaji na mikokoteni hupita kwa nguvu, na wapo wanaopita kwa ajili ya mfuko wako.

Kwenye barabara hiyo hiyo kuna hekalu la Wajain, la marumaru nyeupe, lililochongwa kwa subira ya ajabu. Kuingia ni kwa ruhusa, bila viatu na bila kitu chochote cha ngozi.

Hatua ya saba: kukata mji

Pembe za ndovu za Moi Avenue lazima uzione, najua, kwa sababu nyumbani watakuuliza. Ni pembe za alumini zilizowekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza, na zikipishana juu ya barabara zinaunda herufi M. Piga picha ukiwa kando, si katikati ya lami kama wanavyofanya wengine, uondoke.

Kinachostahili dakika zako zaidi ni kanisa kuu la Kianglikana kwenye Barabara ya Nkrumah, lililokamilika 1905 kwa kumbukumbu ya maaskofu na wamisionari waliofariki kazini, akiwemo Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga, Uganda, mwaka 1885. Lina kuba na matao yanayokupotosha kwa sekunde, ukadhani ni msikiti. Mji ulikuwa na sura yake, nao waliojenga waliiheshimu.

Hatua ya nane: Mama Ngina, kuanzia saa kumi na moja

Kutoka katikati ya mji hadi bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ni mwendo wa nusu saa au zaidi kidogo. Miguu ikiwa imegoma, tuktuk itakufikisha, patana kwanza. Mahali hapa palijengwa upya na kufunguliwa 2019. Wenyeji wengi bado husema "Lighthouse", na mibuyu mikubwa iliyokuwepo tangu zamani bado ipo.

Kazi ya hapa ni kula na kutazama meli. Njia ya meli kuingia Kilindini inapita karibu na ukingo, na meli ya makontena ikipita unaweza kusoma jina lake bila darubini. Kula mihogo, ya kuchoma au ya kukaanga, iliyopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu. Viazi karai na ukwaju. Kachri za mihogo ndani ya karatasi. Achari ya embe, mabuyu mekundu kwa watoto, dafu la kushushia. Ukimaliza maji, mwambie muuzaji alipasue ule nyama yake kwa kijiko kinachokatwa kwenye ganda lenyewe. Jumapili jioni panajaa familia nzima nzima, mikeka imetandikwa, na huwezi kupata nafasi ya kukaa ukichelewa.

Jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima. Likishazama usirudi mjini kwa miguu peke yako kupitia sehemu zenye giza.

Kuondoka

Mabasi ya Nairobi huondokea Mwembe Tayari na mitaa ya jirani. Kituo cha SGR, treni ya Nairobi, kiko Miritini, nje ya kisiwa, na jioni foleni ya Makupa na Changamwe haina huruma. Toka mjini mapema sana, na huko kituoni ukaguzi wa mizigo unapita hatua kadhaa kabla hujafika kwenye treni. Anayekwenda Tanga au Dar es Salaam kupitia Likoni atavuka kwa feri kuelekea mpakani Lunga Lunga. Akiwa kwa miguu halipi kitu kuvuka, lakini jioni wafanyakazi wote wa kusini wanarudi makwao kwa wakati mmoja, kwa hiyo afike mapema, aweke simu mfukoni, na asikimbilie feri inayoondoka, kwa sababu nyingine inakuja.